Homa ya Papasi Katika Kivuli cha Malaria

Kupe anayefahamika kwa wafugaji ana ngao ngumu mgongoni, huvizia majanini, na hung'ang'ania ngozi ya mnyama kwa siku kadhaa hadi ashibe. Papasi ni wa ukoo huohuo, lakini mwenendo wake ni tofauti kabisa. Mdudu huyu, ambaye wanasayansi humwita Ornithodoros moubata, hana ngao, ngozi yake ni laini yenye mikunjo, na maskani yake ni nyumba ya binadamu, hususan nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu isiyosakafiwa, kama ilivyo katika tembe za Ugogo mkoani Dodoma. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi bila kumwamsha aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Ndiyo maana mgonjwa anapoulizwa kama aliumwa na kupe, hujibu kwa unyofu kwamba hakuumwa.

Ugonjwa anaouleta huitwa homa ya papasi, na chanzo chake ni Borrelia duttonii, bakteria wa jamii ya spiroketi, yaani vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi. Bakteria hao huingia mwilini kwa njia ya mate ya papasi, na pia kwa njia ya majimaji yanayotoka karibu na mashina ya miguu yake anapojipunguzia maji ya ziada aliyoyanyonya pamoja na damu.

Ujuzi huu ulipatikana kwa gharama. Mwaka 1904, Philip Ross na Arthur Milne, waliokuwa wakifanya kazi Uganda, walihusisha homa hiyo na kupe, na wakati huohuo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa Kongo na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool, walikuwa wakithibitisha jambo hilo kwa majaribio. Dutton aliambukizwa akiwa kazini, akafariki Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30, na bakteria huyo hubeba jina lake hadi leo. Mwaka huohuo Robert Koch, akichunguza njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwakuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi, akabaini pia kwamba bakteria hupita kutoka kwa papasi jike hadi katika mayai yake. Ugunduzi huo una uzito mkubwa, kwa kuwa unamaanisha kwamba kizazi kipya cha papasi kinaweza kuzaliwa tayari na maambukizi, na kwa kuwa papasi mzima huvumilia njaa kwa miaka kadhaa, nyumba iliyohamwa haiwi salama kwa kule kuhamwa tu.

Takriban wiki moja baada ya kuumwa, mgonjwa hupandwa na homa kali, kichwa na viungo vikiuma. Baada ya siku chache homa hushuka, kisha hurejea baada ya wiki moja hivi, na huweza kurejea tena na tena. Sababu ya marudio hayo ni kwamba bakteria hubadilisha protini za ngozi yao ya nje, na kingamwili zilizotengenezwa kupambana na kundi la kwanza hushindwa kulitambua kundi la pili. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, ambao mimba zao huweza kuharibika, au watoto wao kufariki punde baada ya kuzaliwa. Inasikitisha zaidi kwamba tiba yake si ya shida: dawa za jamii ya tetrasaiklini, au penisilini na erithromaisini kwa wasiofaa kupewa hizo, huwaua bakteria hao, ingawa mgonjwa hupaswa kuangaliwa kwa karibu saa za mwanzo za matibabu, kwa sababu kufa kwa bakteria wengi kwa pamoja huweza kumpandisha homa ghafla.

Kikwazo, basi, ni utambuzi. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta vimelea vya malaria kwa hadubini aliweza kukutana na spiroketi katika tone lilelile la damu. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimeokoa maisha ya wengi na hakistahili kuondolewa, hutambua protini za vimelea vya malaria peke yake. Mahali kilipochukua nafasi ya hadubini, homa ya papasi haionekani tena, na mgonjwa huweza kupewa dawa ya malaria isiyoigusa Borrelia hata kidogo. Hata kipimo hicho kinapoonyesha malaria, hakiondoi uwezekano wa magonjwa yote mawili kuwamo katika mwili mmoja.

Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro hupunguza kuumwa, na mipango ya makazi vijijini ingestahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Lakini ujenzi huchukua miaka, ilhali mtoto mwenye homa huletwa zahanati leo. Katika maeneo yenye papasi, damu yake na ichukuliwe homa ingali juu, wakati spiroketi wamejaa katika damu, na iangaliwe kwa hadubini kabla mama hajaambiwa arudi naye nyumbani.