Daftari la Dagaa

Hotuba iliyosomwa ukumbini kwa wanafunzi, katika maadhimisho ya hekalu letu, Musoma



Kamati imetutaka tuseme machache na wanafunzi juu ya kuanzisha biashara. Tungependa zaidi kusema juu ya kuipima, kwa kuwa kuanzisha tulikujua mapema, na kupima tukakujua kwa hasara.

Tulikuwa watatu, wawili wa hekalu hili na mmoja jirani yetu, tukisubiri kuingia kidato cha nne. Likizo ya Desemba tulichangisha mtaji wa shilingi 120,000 kwa shangazi na wajomba, tukanunua mwaloni madebe 30 ya dagaa kwa shilingi 3,000 debe moja. Bunda debe liliuzwa shilingi 4,500. Hesabu ilikuwa nyepesi: faida shilingi 45,000. Tuliifanya kichwani, tukiwa juu ya magunia, na mmoja wetu alikwisha kuchagua viatu.

Mvua ilitukuta dagaa wangali mchangani. Madebe 4 yaliharibika. Tuliuza 26, tukapata shilingi 117,000, tukarudi nyumbani na fedha mkononi, tukajiona wafanyabiashara.

Mzee mmoja mwenye duka, ambaye sote tulimwita Kaka (kwa Kigujarati neno hilo ni baba mdogo, jambo lililomchanganya sana rafiki yetu jirani), alituuliza daftari liko wapi. Hatukuwa nalo. Akachukua karatasi ya kufungia sukari, akaandika tulivyomtajia: ununuzi 90,000; mzigo kwenye gari 12,000; nauli zetu 9,000; magunia na kamba 4,000; ushuru wa soko 3,000. Jumla 118,000. Tulikuwa tumepoteza shilingi 1,000. Kisha akauliza, “Na siku zenu nne, nani amezilipa?” Hatukuwa na jibu. Viatu havikununuliwa.

Wenzetu wa hekalu wanajua kwamba katika Diwali vitabu vipya vya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi na Ganesh, na ukurasa wa kwanza huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Majirani, hiyo ndiyo sababu ya madaftari mekundu mnayoyaona siku ile. Utotoni tulidhani kitabu kinaombewa kilete fedha. Kaka alitufundisha kukisoma upya: anayeweka daftari madhabahuni hawezi kuandika uongo ndani yake, hata uongo wa kujidanganya mwenyewe, ambao ndio ulio rahisi kuliko wote.

Hapa hatuna budi kugusa jambo ambalo hotuba za sikukuu hulikwepa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa hawakuiamini mizani ya vituo vya kununulia, na wanunuzi wengi walikuwa wa asili ya Kihindi. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Kiongozi wake, Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, alikuwa ametoka kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mkulima aliyepima pamba yake mara ya pili alikuwa anatathmini biashara kama afanyavyo mwanafunzi yeyote mzuri. Ni afadhali sisi wa hekalu tuliseme hilo wenyewe, tena mbele ya majirani.

Wala fikra ya kumpa mwanafunzi hesabu halisi haikutoka mbali. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka shule ziwe pia mashamba au karakana, wanafunzi washiriki kupanga kazi, na mafanikio na makosa yapimwe kwa kulinganishwa na mpango. Wengi wetu tunakumbuka jembe. Mpango na vipimo tumevisahau. Azimio la Musoma la Novemba 1974 nalo lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Turudi kwa dagaa. Likizo iliyofuata tulianza na daftari. Kabla ya kununua tulikwenda Butiama na Bunda tukiwa mikono mitupu, tukauliza tu. Mama mmoja wa Butiama alitwambia angeongeza bei kwa dagaa wasio na mchanga. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaanika juu ya vichanja badala ya mchangani. Tukajifunza kuhesabu mwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka bei hupanda mwaloni. Tukaacha debe, ambalo kila muuzaji hulijaza kwa mkono wake, tukauza kwa kilo, na mizani tukaielekeza kwa mnunuzi aisome mwenyewe. Safari hii tulijilipa kwanza siku zetu. Zilizobaki zilikuwa shilingi 14,000. Shangazi mmoja alicheka alipoziona. Kaka hakucheka, alizihesabu mara mbili, akatutaka tutie sahihi sote watatu.

Wanafunzi wanaotaka kuliona daftari hilo watalikuta mezani karibu na mlango wa viatu. Tunaomba lisitolewe nje, na mkifika kurasa za Desemba mwaka wa pili mtuwie radhi: bado zinanuka.