Kuvimbiwa Baada ya Mboga: Lawama Isiwe ya Sufuria Peke Yake

(Mada ya elimu ya afya na lishe kwa wakazi wa Kata ya Issuna)



Katika kaya nyingi za kata hii chakula cha jioni hakina mabadiliko makubwa. Huwa ni ugali wa uwele, mtama au mahindi, pamoja na mlenda, majani ya kunde, msusa au maharage. Saa moja au mbili baadaye husikika malalamiko yale yale: tumbo limejaa, kifua kinawaka, gesi haitulii na usingizi hauji. Wapo wanaofikia uamuzi mwepesi kwamba mboga haziwafai, wakaziacha. Uamuzi huo una gharama. Mboga za majani na jamii ya kunde huipatia kaya madini ya chuma, vitamini na protini bila kununua nyama kila siku. Mzazi anapoziacha, mara nyingi mtoto na mama mjamzito nao huzikosa, kwa kuwa sufuria ni moja.

Lengo la mada hii ni kueleza kwa nini mboga huvimbisha tumbo, namna ya kupunguza adha hiyo, na wakati ambapo tatizo si mboga hata kidogo.

Kwanza, chanzo cha gesi. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na kabichi zina sukari ya aina ya rafinosi, ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Sukari hiyo hupita katika utumbo mwembamba bila kusagwa na kufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Nyuzinyuzi za majani nazo hupitia njia hiyo hiyo. Kwa hiyo gesi kidogo baada ya kula kunde si ugonjwa. Kitunguu, ambacho ni zao la biashara linalojulikana sana mkoani Singida, nacho huchachuka kwa namna hiyo. Kuna mtu anayelaumu mchicha kumbe kinachomsumbua ni kitunguu kilichokaangiwa mchicha huo.

Majira nayo yana sehemu yake. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiangazi familia hutumia mboga zilizokaushwa kwa kiasi kidogo. Mvua zikinyesha, majani mabichi hujaa shambani na kiasi kinacholiwa huongezeka kwa siku chache tu. Utumbo unahitaji muda kuzoea badiliko hilo. Anayeanza na kiasi kidogo na kukiongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu hupata nafuu kuliko anayejaza sahani tangu siku ya kwanza.

Ulaji wenyewe pia huchangia. Mlenda huteleza. Tonge la ugali lililochovywa katika mlenda hushuka kooni kabla ya meno kufanya kazi yake, na mlaji humeza hewa pamoja nalo. Tumbo hupokea mabonge badala ya chakula kilichotafunwa. Basi tonge na liwe dogo, litafunwe, na mlaji asilale kabla ya kupita saa mbili hadi tatu. Anayerudi kutoka shambani na njaa ya kutwa, akala sahani kubwa na kujitupa kitandani, huiruhusu tindikali ya tumbo kupanda kooni. Hicho ndicho kiungulia, na kingempata hata kama angekula wali.

Pili, maandalizi jikoni. Maharage na kunde kavu zilowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha zichemshwe kwa maji mapya. Sehemu ya sukari inayoleta gesi huondoka na maji yaliyomwagwa, na chakula huiva kwa kuni chache zaidi. Jambo hili lina uzito, kwa maana uhaba wa kuni ndio unaowafanya wengi waepue maharage yakiwa bado magumu. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Ni lazima yachemke kwa nguvu na kuiva hadi yalainike. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu yake ya asili itoke na mvuke.

Magadi yanahitaji uangalifu. Hulainisha mlenda na kunde haraka, lakini huharibu vitamini B1 na C na huongeza chumvi ya sodiamu mwilini, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu. Baadhi ya magadi yana madini ya floraidi, ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa ya watoto, na Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji ya baadhi ya maeneo tayari yana floraidi nyingi. Kuloweka hufanya kazi ile ile ya kulainisha kunde bila madhara hayo. Kulamba magadi au majivu ili kutuliza kiungulia si tiba. Hutuliza kwa muda mfupi na kuficha ugonjwa.

Tatu, kumtambua mkosaji halisi. Asiyejua ni chakula gani kinachomsumbua asiache mboga zote kwa pamoja. Aondoe aina moja kwa wiki moja, aangalie hali yake, kisha airudishe. Kama dalili zinaondoka na kurudi pamoja na chakula hicho, atakuwa amepata jibu, na mboga nyingine zitabaki mezani.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: si kila tumbo linalouma baada ya mboga limeumizwa na mboga. Majani yaliyooshwa kwa maji machafu hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Vidonda vya tumbo navyo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, mwaka 1982. Ugonjwa huo hupimwa na kutibiwa kwa dawa zinazopaswa kumalizwa. Kununua vidonge viwili vitatu dukani hakuumalizi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, zikitumiwa mara kwa mara bila ushauri, huongeza vidonda.

Wakati mwingine kosa liko katika unga. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Miongoni mwa dalili zao zilikuwamo maumivu ya tumbo, kutapika, kuharisha, tumbo kuvimba na macho kuwa ya njano. Familia inayodhani mlenda ndio mbaya ingeweza kuendelea kula ugali ule ule kila siku. Mahindi na karanga zikaushwe vizuri juu ya turubai, zihifadhiwe pakavu, na punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe, zisipewe mifugo.

Kwa hiyo mkazi asisubiri nyumbani anapoona mojawapo ya haya: kutapika damu au choo cheusi kama lami, damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, macho kuwa ya njano, tumbo kuvimba na kuwa gumu, homa, au maumivu yanayozidi wiki mbili. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na afikishwe kituoni mapema, hasa akiwa mlegevu au macho yamebonyea.

Huduma ya kwanza inapatikana katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kutoa ushauri nyumbani, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ni nafasi nzuri ya kuuliza kuhusu upishi na ulishaji wa watoto. Aliye mbali anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Anayekwenda kituoni aeleze alichokula, muda maumivu yalipoanza na dawa alizokwisha kumeza, magadi yakiwamo.

Ndugu wakazi, mboga zimeilea Issuna katika miaka ya mavuno na miaka ya ukame. Zilowekwe, ziive, zitafunwe, na tumbo lisilopona lipelekwe kwa mtaalamu.