Taa ya Kijani Haitoshi: Kuipima Pawa Saplai ya Kompyuta

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, pale unapochomekwa waya wa umeme. Mafundi hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, unaotumiwa na sehemu nyingine zote za mashine.

Pawa saplai ikifa kabisa, uchunguzi ni mwepesi. Taabu huanza inapougua nusunusu. Kompyuta huwaka vizuri asubuhi, kisha ikajizima ghafla inapopewa kazi nzito, au ikajiwasha upya bila kuamriwa. Hapo lawama huangukia diski au ubao mkuu, na mwenye mashine akalipia kifaa kisichokuwa na kosa.

Wengi hukimbilia testa, kile kidude kinachochomekwa kwenye plagi kubwa ya pini 24 kikaonyesha volti au kuwasha taa za kijani. Kwa bei yake, si haba. Kanuni za ATX, zilizoanzishwa na Intel mwaka 1995, kwa kawaida huruhusu volti kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Yaani volti 12 zisipungue 11.4 wala zisizidi 12.6. Testa ikisoma 10.9, shauri limekwisha. Ikisoma 12.1, usiharakishe kufurahi.

Sababu ni mzigo. Testa huvuta umeme kidogo mno, ilhali kompyuta yenye kadi kubwa ya picha huweza kudai wati 300 na zaidi. Ni sawa na kumpima nguvu punda aliyesimama kivulini bila gunia mgongoni. Hata ule ujanja wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili feni izunguke hauthibitishi ila jambo moja: pawa saplai inaweza kuwaka.

Afadhali mita ya kawaida, ikipima waya wa njano na mweusi wakati kompyuta yenyewe inafanya kazi nzito. Lakini nayo ina upofu wake. Kapasita zikichoka, kama zilivyofura na kuvuja nyingi zilizotengenezwa vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, umeme hutikisika kwa mawimbi madogo ya kasi. Kanuni huruhusu milivolti 120 tu kwenye waya wa volti 12. Mita husoma wastani na kuyapita mawimbi hayo. Kuyaona kwahitaji osiloskopu, ambayo mafundi wachache wa mtaani wanayo.

Kwa hiyo, kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kale: azima pawa saplai nzima yenye nguvu ya kutosha, ifunge, uitumie mashine siku mbili tatu. Ugonjwa ukitoweka, mkosaji amejulikana.

Nanyi mnaopeleka nyumbani kompyuta zilizotumika kutoka Marekani, tazameni nyuma ya mashine. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kisha ikachomekwa Dar es Salaam au Mombasa, huungua papo hapo. Wala msikifungue kisanduku chenyewe: kapasita zake kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.