Lipstiki ya Elfu Mbili na ya Elfu Themanini

Leo nazungumzia vipodozi, na najua kwamba muda huu huu kuna akina baba wanaonyoosha mkono kutafuta stesheni nyingine. Naomba msubiri. Ninyi ndio mnaoombwa pesa ya saluni, na ninyi ndio mnaouliza kwa nini kitu kisichozidi kidole cha mtoto kiuzwe kwa bei ya gunia la mkaa.

Swali hilo ni la haki. Tena wanawake wenyewe tunaulizana kila siku: je, hiki cha ghali kina kitu ndani yake, au tunanunua jina? Muuzaji wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo atakuapia kwamba chake ni kile kile, tofauti ni kodi ya pango tu. Msichana aliyesimama nyuma ya kioo katika duka la Mlimani City atakuapia kinyume chake. Wote wawili wana cha kuuza. Kwa hiyo tukaamua kujaribu wenyewe.

Tulikuwa watatu hapa kituoni: mmoja maji ya kunde, mmoja mweusi wa kung'aa, na mimi niliye katikati ya hao. Mtasema watu wa redio wanapaka lipstiki ili iweje, nani anawaona. Basi hiyo ndiyo nafuu yetu: tuliweza kuingia studio na uso wa rangi mbili na msikilizaji asijue. Tulinunua kila kitu kwa bei tatu. Lipstiki ya shilingi 2,000, ya 15,000 na ya 80,000. Poda hivyo hivyo, fandesheni hivyo hivyo, na maskara ya kope. Fedha zilitoka mifukoni mwetu, hatukupewa zawadi na kampuni yoyote, na zile za ghali tulichangishana kama mchango wa harusi. Majina ya tulivyonunua siyataji.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Shavu la kulia cha bei ya chini, la kushoto cha bei ya juu. Kesho yake tunabadilisha. Tunapaka saa moja asubuhi, tunapanda daladala, tunafanya kazi, na saa kumi jioni tunatazamana mbele ya dirisha, si mbele ya taa. Aliyewahi kukaa Dar es Salaam mwezi wa Februari anaelewa kwamba hilo si jaribio dogo.

Nianze na lipstiki. Lipstiki zote duniani, ya machinga na ya duka la kioo, ni ndugu wa tumbo moja: nta, mafuta na rangi. Nta yaweza kuwa ya nyuki, au ile ya majani ya mti wa Brazili uitwao carnauba. Mafuta mara nyingi ni ya nyonyo, haya haya ya mbegu za mbarika zinazoota nyuma ya nyumba zetu. Rangi nyekundu nyingine hutokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, hukaushwa na kusagwa. Ukitaka kujua kama umempaka mdudu, tafuta kwenye boksi neno "carmine" au namba CI 75470. Wamo katika za bei zote, kwa hiyo asiwacheke wengine aliyenunua ya ghali.

Matokeo yetu? Ile ya elfu mbili iliondoka na kikombe cha kwanza cha chai na kukiachia kikombe rangi nzuri kuliko iliyobaki mdomoni. Lakini ya elfu kumi na tano na ya elfu themanini zilifika saa nane mchana zikiwa sawasawa. Tulizibadilisha, tukamfumba macho mwenzetu mmoja achague kwa kuonja na kunusa tu. Akachagua ya elfu kumi na tano. Cha ziada katika ile ya themanini kilikuwa mfuniko unaofunga kwa mlio wa kupendeza na sumaku ndani yake. Wazee wa pwani walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na hili lisiwashangaze. L'Oréal ya Ufaransa inamiliki Lancôme, ambayo ni ya tabaka la juu, tangu mwaka 1964, na mwaka 1996 ikanunua Maybelline, ambayo ni ya bei ya watu wa kawaida. Mwaka 2013 wakaja hata Kenya wakainunua Nice & Lovely. Mwenye duka la ghali na mwenye duka la rahisi, mara nyingi, mfuko wao ni mmoja.

Poda sitaikawiza. Ni unga wa jiwe laini liitwalo talki, na ulanga kidogo wa kumeremeta. Ya bei ya chini ilifanya kazi yake, ya bei ya juu ilifanya kazi yake, jasho likazichukua zote mbili. Nawaonya maharusi tu: zipo poda nyeupe zenye silika, ambazo kwa macho hazionekani usoni, lakini kamera ikipiga mwanga, bibi harusi anatoka kwenye picha kama aliyeangukia pipa la unga wa ngano. Jipigeni picha moja ya majaribio yenye mwanga kabla ya siku yenyewe.

Kwenye fandesheni ndipo mambo yalipogeuka, na hapa naomba tukae kidogo.

Fandesheni hupata rangi yake kutoka vitu vichache. Kuna unga mweupe wa oksidi ya titani, halafu kuna nyekundu, njano na nyeusi, ambazo zote ni jamaa za kutu ya chuma zinazotengenezwa kiwandani. Fundi huchanganya hizo nne mpaka apate rangi ya ngozi. Kwa ngozi nyeupe, ule unga mweupe unakuwa mwingi. Kwa ngozi nyeusi lazima upunguzwe na zile kutu ziongezwe kwa kipimo. Mtengenezaji asiyetaka kuhangaika anachukua mchanganyiko wake wa watu weupe, anaudondoshea nyeusi kidogo, anaandika kwenye kichupa jina la kahawa au chokoleti, basi. Ukiupaka, unga mweupe unajitokeza juu ya ngozi, na uso unakuwa wa majivu, kama mtu aliyeinama kupuliza moto wa kuni.

Hicho ndicho kilichotokea. Mimi nilipata rangi yangu katika ya elfu ishirini na tano, nikatulia. Mwenzangu wa maji ya kunde alipata hata katika ya elfu tano, akatucheka juma zima. Yule mweusi wa kung'aa alijaribu ya elfu tano, akawa majivu. Akajaribu ya elfu ishirini na tano, aliyoambiwa ndiyo nyeusi kuliko zote zilizopo dukani, akawa majivu ya jana. Rangi yake aliipata katika ile ya shilingi 120,000 peke yake.

Tafakarini jambo hilo, ndugu wasikilizaji. Kutu ya chuma si dhahabu. Hakuna kitu ndani ya rangi nyeusi kinachoifanya iwe ghali kuliko rangi nyeupe. Ila watengenezaji wa bei ya chini wametengeneza rangi chache, wakaishia njiani kabla ya kumfikia yeye, na hapa ni Dar es Salaam, si Stockholm. Kwa hiyo mwanamke mweusi zaidi ndiye anayelipishwa zaidi ili aonekane kama alivyozaliwa. Na asiyekuwa na laki na ishirini anaelekea wapi? Wengine wanaona njia fupi ni kuibadili ngozi ilingane na kichupa. Mkorogo, zebaki na haidrokwinoni tumevisema sana katika kipindi hiki, leo napita. Naongeza tu kwamba kila saluni ina mteja anayenunua fandesheni nzito ya kuficha mabaka aliyoachiwa na krimu ya kujichubua. Analipa mara mbili.

Suala hili la rangi si jipya. Mwaka 1973 Eunice Johnson wa Chicago alianzisha Fashion Fair baada ya kuona wanamitindo wake weusi wanachanganya vipodozi wenyewe kwa kukosa rangi zao madukani. Mwaka 1994 Iman, binti wa Kisomali, akaanzisha vipodozi vyenye jina lake. Na mwaka 2017 Rihanna alipoingia sokoni na Fenty Beauty, fandesheni ya rangi 40 kwa mpigo, kampuni kubwa zilizokuwa zikisema weusi hawanunui zikaanza kukimbizana kuongeza zao. Soko lilikuwepo miaka yote. Waliokuwa hawapo ni watengenezaji.

Basi kama bei haisemi ukweli kwenye lipstiki, na inasema nusu ukweli kwenye fandesheni, ipo bei moja inayosema uongo mtupu: jina la elfu themanini kwa elfu kumi.

Binti wa jirani yangu anafanya kazi ya mapokezi hotelini. Alinunua boksi la rangi za macho, lenye jina kubwa la ng'ambo, kwa shilingi 10,000. Alilipaka siku ya sendofu ya dada yake. Kufika usiku kope zilikuwa zimevimba hata hawezi kufumbua jicho la kushoto, na siku nne hakwenda kazini. Aliniletea lile boksi. Jina la kampuni lilikuwa limeandikwa sawasawa mbele, lakini nyuma neno la "eye" lilikosa herufi, hapakuwa na namba ya toleo, hapakuwa na orodha ya vilivyomo, wala anwani ya mtu yeyote.

Msidhani ni sisi tu tunaouziwa feki. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba wakaguzi wake walinunua bidhaa 47 zenye majina maarufu kwa wauzaji wa mtandaoni, na 20 kati yake zilikuwa bandia. Vipodozi vya Urban Decay walivyonunua vilikuwa 13. Bandia vilikuwa 13.

Ndiyo maana mimi naogopa boksi la elfu kumi lenye jina la watu kuliko lipstiki ya elfu mbili isiyojulikana lakini yenye anwani ya kiwanda. Huyu wa pili anaweza kuulizwa. Hapa kwetu kazi ya kusimamia vipodozi ilitoka TFDA ikahamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Lakini hata TBS haiwezi kumfuata mtu ambaye kwenye boksi lake hakuna mtu.

Wakati mnasoma boksi, tazameni pia kile kichoro cha kopo lililofunguka, na ndani yake namba na herufi M, kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua. Maskara haina maisha marefu, kwa sababu ile brashi inatoka kwenye kope na kurudi gizani kila siku. Miezi mitatu, mingi ni sita, itupeni. Kwa sababu hiyo maskara ya ghali ni hasara iliyopangwa. Na wanja? Wa penseli wenye orodha ya vilivyomo sina neno nao. Ule wa kusaga, wa manga, unaouzwa kwenye vichupa bila maandishi, unanitia hofu: uchunguzi wa maabara katika nchi mbalimbali umeona kwamba mara nyingi ni jiwe la galena, yaani madini ya risasi. Najua bibi zetu waliupaka, na najua watoto wachanga bado wanapakwa machoni na kwenye nyusi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwenye ubongo. Kwa hilo naomba mama mkwe asinichukie.

Namrudia yule binti wa mapokezi, kwa sababu kuna jambo alilosema likaniuma kuliko kope zake. Nilimwuliza, mwanangu, kwani ni lazima? Akanijibu, "Shikamoo yako naipokea kwa heshima, mama, lakini msimamizi hunitazama usoni kabla hajatazama saa." Hotelini anapewa sare, anapewa viatu, anapewa hata kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Uso anaambiwa aje nao umepambwa, kila siku, na huo anaugharamia mwenyewe kutoka mshahara ule ule. Tangazo la kazi lilitaka mtu "mwenye mvuto" na halikusema mvuto huo utalipwa na nani. Waajiri wa mahoteli, mabenki na maduka ya simu wananisikia. Swali hili ni lao, na nafasi ya kujibu katika kipindi hiki wanayo.

Binti mwenyewe hakuja kwangu kutafuta falsafa. Alitaka kujua, akiwa na shilingi 50,000, anunue nini. Nilimwambia hivi: elfu thelathini weka kwenye fandesheni, na usinunue mpaka umeipaka kwenye taya, umetoka nje ya duka na kujitazama juani, muuzaji akikataa usitoke, ondoka bila kununua. Elfu kumi na mbili lipstiki moja, rangi inayokwenda na sare. Elfu nane maskara, na tarehe ya kuifungua uiandike kwa kalamu juu ya kichupa. Poda anayo. Na kila kipya akipake kwanza ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, siku saba hadi kumi, kabla hakijafika usoni, kama wanavyoshauri madaktari wa ngozi.

Akaniuliza, na wanja? Nikampa penseli yangu mpya, ilikuwa haijafunguliwa.