Mtu Akituuliza Habari za Imani Yetu, Tujibu Namna Gani?

Masomo: 1 Petro 3:13-17, Mathayo 11:2-6

Tumeyaandika mahubiri haya ili na yule ambaye redio yake haina mawe aweze kuyasoma, na kumsomea jirani yake.

Leo tunasema juu ya jambo linalotukuta kila wiki. Tunatoka kanisani, Biblia mkononi, na watu wanatutazama. Kijana wa yuniversite anatuuliza: mnajuaje kwamba kitabu hicho ni cha kweli? Jirani anauliza: sadaka mnazotoa zinaenda wapi? Mwingine anauliza: mgonjwa akiletwa kwenu, kwa nini analala siku nyingi katika chumba cha maombi na hapelekwi hospitali? Na mama aliyekimbia kijiji chake, aliyezika mtoto njiani, ana swali moja tu: Mungu wenu alikuwa wapi?

Mtume Petro aliwaandikia waamini waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Walikuwa watu wachache kati ya majirani waliowasema vibaya. Petro hakuwaambia wajifiche, wala hakuwaambia wapigane. Aliwaambia wawe tayari kila wakati kumjibu mtu yeyote anayetaka kujua sababu ya tumaini lao, na jibu hilo liwe la upole na la heshima, wakiwa na dhamiri safi. Neno alilotumia kwa kujibu ni lile la mtu anayesimama mbele ya hakimu na kueleza jambo lake. Mtu wa namna hiyo hamtukani hakimu, wala hakimbii. Anaeleza.

Tukumbuke ni nani anayesema hivyo. Huyu Petro ndiye aliyechomoa upanga bustanini na kumkata Malko sikio. Na usiku ule ule, karibu na moto, kijakazi alimuuliza swali dogo kabisa, kama yeye ni mtu wa Yesu. Petro akakana, mwisho akaapa. Kwa hiyo alizijua njia mbili mbaya za kumjibu mtu: njia ya upanga na njia ya kukimbia. Zote mbili alizipita kwa usiku mmoja. Anapotuandikia juu ya upole, anaandika kama mzee aliyeonja uchungu wa zote mbili.

Ndugu, upanga wa siku hizi ni mdomo. Mtu anauliza, naye anaitwa mpinga Kristo. Kijana anauliza, anaambiwa ana pepo wa shule. Lakini mtu tuliyemkata sikio ataisikia Injili kwa sikio gani? Yesu alipoona kazi ya upanga wa Petro, aliligusa sikio la yule mtumwa akamponya (Luka 22:51). Adui alirudi nyumbani na masikio mawili.

Basi tufanye nini? Jambo la kwanza, tusikie swali linatoka wapi. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Bwana na kumshuhudia, alituma watu kutoka gerezani kuuliza kama Yesu ndiye, au wamngojee mwingine. Swali hilo lilitoka katika giza na minyororo. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wajumbe warudi wakamweleze Yohana wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanapewa habari njema. Na wajumbe walipoondoka, alimsifu Yohana mbele ya makutano.

Vivyo hivyo yule mama wa kambini. Hatafuti mabishano, na wala si mwasi. Swali lake limo ndani ya Biblia yenyewe. Daudi aliliimba katika Zaburi ya 13, na Bwana wetu alililia msalabani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Ubaya ulianza walipofungua midomo na kumtafutia dhambi. Kwa mama huyo, jibu la kwanza ni kuketi karibu naye, kumchotea maji, kumsaidia kupata hema na unga. Neno litakuja kwa wakati wake, na atalipokea kutoka kwa mtu aliyemwona akilia pamoja naye.

Jambo la pili, tusiogope swali la mtoto. Wengi wetu tunalijua jina la Daktari Denis Mukwege, lakini si wote wanaojua kwamba yeye ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto wa miaka nane hivi, alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, kisha wakatoka. Mtoto akamuuliza baba yake: mimi nikiwa mgonjwa, unaniombea na unanipa dawa, huyu kwa nini umemwombea tu? Baba akajibu kwamba yeye si munganga. Anafanya alilopewa kufanya, yaani kuomba. Ndipo mtoto akaamua kwamba atakuwa munganga, baba aombe na yeye atoe dawa.

Tazameni jibu la mchungaji yule. Hakumpiga mtoto. Hakusema kwamba swali lake ni ukosefu wa imani. Hakujifanya kuwa anajua kazi ya dawa. Alisema kweli: mimi si munganga. Na ndani ya jibu hilo dogo Mungu aliweka mlango. Mtoto yule alisoma udaktari Bujumbura, akasoma tena Ufaransa, akatumika katika hospitali ya Lemera, ambayo ilishambuliwa mwezi wa 10 mwaka 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu, chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC. Maelfu ya mama zetu waliojeruhiwa kwa ubakaji wametibiwa pale, na mwaka 2018 dunia ilimpa zawadi ya Nobel ya amani. Sasa mtu akituuliza kama Wapentekoste wanachukia dawa, tunaweza kumjibu kama Yesu alivyowajibu wajumbe wa Yohana: nenda Panzi uone na usikie. Lakini kama baba yule angemfunga mtoto mdomo siku ile, leo tungeonyesha nini?

Jambo la tatu, wapendwa, ni gumu zaidi. Mara nyingine anayetulaumu anasema kweli. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, kutoka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Kulikuwa na wagonjwa waliowekwa katika vyumba vya maombi, na ugonjwa ukapita hapo kutoka mtu hadi mtu. Vilevile kuna wanaojiita manabii wanaonyoosha kidole kwa mtoto yatima na kumwita mchawi, mpaka anafukuzwa nyumbani na kulala barabarani. Sheria ya nchi yetu ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaadhibu kitendo hicho. Mtu akituletea lawama hiyo, tusiseme kwamba kanisa linateswa. Petro anatofautisha waziwazi kuteswa kwa kutenda mema na kuteswa kwa kutenda mabaya. Anayemfukuza mtoto mdogo akilaumiwa, hayo si mateso ya Kristo, anavuna alichopanda. Kazi yetu ni kumpokea mtoto, si kumtetea nabii.

Na juu ya sadaka tuna mfano wa Paulo. Alipobeba mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, alikubali ndugu waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Alijali heshima ya jambo hilo mbele za Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Kwa hiyo jirani akiuliza sadaka zinaenda wapi, jibu zuri ni kitabu cha hesabu kilicho wazi, kinachosomwa mbele ya kanisa lote. Mahali ambapo kitabu kimefungwa, mahubiri marefu hayatamtosha yule jirani.

Jambo la nne, tuseme ukweli mpaka pale tunapojua, na tusivuke hapo. Kipofu aliyeponywa katika Yohana 9 alisukumwa na Mafarisayo kwa maswali mengi. Yasiyojulikana kwake alisema hayajui. Lakini kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona, hilo hakuna mtu angeweza kumnyang'anya. Kijana wa yuniversite akituuliza jambo tusilolijua, tumwambie: ndugu, hili sijui, tutafute pamoja. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo, na Biblia inawasifu kwa hilo.

Wako pia wanaouliza kwa mchezo tu, watu wacheke. Herode alimuuliza Yesu maneno mengi, naye hakumjibu lolote. Kwa mtu wa namna hiyo kunyamaza si aibu. Lakini tuwe waangalifu, tusimfanye Herode kila mtu mwenye swali gumu. Wengi ni Nikodemo. Wamekuja usiku kwa kuwa mchana wanaogopa watu.

Juma hili tunawaomba jambo moja. Baba na mama, mkiwa mezani, mwacheni mtoto aulize swali lake mpaka mwisho kabla ya kumjibu. Wachungaji na wazee, wapeni vijana saa moja ya maswali baada ya mafundisho, na asiwepo wa kuwacheka. Na kila mmoja wetu amkumbuke mtu aliyemuuliza akakosa jibu, au akapata jibu kali, amtembelee.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyemwonyesha Tomaso alama za misumari wala hukumfukuza, tupe masikio ya kusikia na ulimi wa upole. Ponya masikio yaliyokatwa kwa maneno makali. Kazi zetu zishuhudie pale maneno yetu yanapopungua. Katika jina lako, Amina.

Mungu awabariki, na amani yake ikae katika nchi yetu.