TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: TUSIHUKUMIANE KWA ORODHA



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa Jumapili. Tunayatuma kwa maandishi kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani, ziwani na safarini. Tunaomba yasomwe yote kabla ya kujibu.

Tangu kura za maoni ziishe, kuna orodha inazungushwa kwenye simu zetu ikiitwa "orodha ya wasaliti". Ina majina saba ya wanachama wenzetu. Aliyeiandika hajajitaja, na kosa la kila mmoja halijaandikwa. Hata hivyo wapo wanaotaka kikao kijacho kiwafukuze wote kwa mkupuo. Kabla hatujafika huko, tukumbushane historia.

Oktoba 1969 Serikali iliwakamata watu kadhaa kwa tuhuma za kupanga kumpindua Mwalimu Nyerere. Miongoni mwao alikuwa ofisa wa juu wa jeshi, William Makori Chacha, aliyekuwa mwambata wa kijeshi katika ubalozi wetu China. Makori na Chacha ni majina tunayoyajua vizuri hapa Mara, mkoa uliomtoa pia Jenerali David Musuguri wa Butiama. Pamoja naye walikamatwa Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima na TANU kudai Uhuru, na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi.

Tuhuma ilikuwa nzito kuliko yoyote tunayoijua sisi. Aliyedaiwa kulengwa alikuwa Rais, mtoto wa Butiama. Sheria ya kizuizini ya 1962 ilimruhusu kuwafungia watu bila kesi, na wengi walifungiwa hivyo. Lakini hawa walifikishwa Mahakama Kuu mwaka 1970, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Mashtaka yalisomwa, mashahidi wakahojiwa, washtakiwa wakajitetea. Hukumu ilitolewa Februari 1971. Chacha alipewa miaka 10, Bibi Titi kifungo cha maisha. Alfred Millinga aliachiwa huru.

Ndugu zetu, jina la Millinga lilikuwa kwenye hati moja na wenzake. Kama kazi ingeishia kwenye orodha, naye angepotea. Na Bibi Titi alisamehewa mwaka 1972. Leo barabara kubwa Dar es Salaam ina jina lake. Hukumu iliyopita kwenye njia yake inaweza kurekebishwa.

Mwezi mmoja kabla ya hukumu ile, Idi Amin alitwaa madaraka Uganda. Brigedia Suleiman Hussein, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliuawa bila kesi. Askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa makambini kwa sababu ya makabila yao. Waliookoka, kama Tito Okello na David Oyite-Ojok, walikimbilia kwetu, na mwaka 1979 walirudi Uganda pamoja na majeshi yetu. Amin aliogopa maadui, akawazalisha mwenyewe.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Abdullah Kassim Hanga, Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, alitolewa Bara akapelekwa visiwani. Hakukuwa na kesi ya wazi. Hakurudi.

Sisi hatuna magereza wala bunduki. Tuna kadi, na tuna majina ya watu. Lakini mtu anayeitwa msaliti kijijini, hata mkewe sokoni na watoto wake shuleni hunyooshewa kidole.

Kwa hiyo uongozi wa tawi unaelekeza:

1. Anayemtuhumu mwanachama aandike kosa, tarehe na ushahidi, kisha aweke saini.
2. Mtuhumiwa apewe nakala na siku 14 za kujibu, kisha asikilizwe kikaoni.
3. Kila mmoja aamuliwe peke yake, kwa kura ya siri, na aelezwe haki yake ya kukata rufaa ngazi ya kata.
4. Orodha ile isitumwe tena kwenye kundi hili.

Kama yupo aliyekosa kweli, utaratibu huu utamfikia. Kama hayupo, utatuokoa sote na aibu.

Tukutane kikaoni. Mjumbe, mjulishe mwenzako asiye na simu.

Uongozi wa Tawi