Vyombo vya Muziki Vilivyolala Depo: Tuviuze ao Tuvitunze?

Mwenye Biblia afungue 2 Mambo ya Nyakati sura ya 29, aweke kidole hapo, kisha atafute 2 Wafalme sura ya 18, mstari wa 4. Tutatembea kati ya hizo mbili.

Majuma haya nimepokea ulizo moja kutoka kwa watu watatu wasiojuana. Wa kwanza ni shemasi mwenye ufunguo wa depo ya kanisa lake hapa Bukavu. Ndani kuna sinteza moja, bafle nne, ampli mbili na batri ambayo ngoma zake mbili zimepasuka ngozi. Wapigaji wamekwenda: mmoja ameoa na kuhamia Kindu, mwingine anasoma Lubumbashi, wengine mnajua wenyewe namna korali zetu zinavyogawanyika. Vyombo havijalia tangu zaidi ya miaka mitatu. Sasa wazee wanataka kuviuza ili wapate mabati ya darasa la watoto mbele ya mvua ya Septemba. Wa pili ni kiongozi wa korali ya kanisa hilohilo la namna hiyo, lakini la mtaa mwingine, ambaye hataki hata kusikia neno kuuza. Wa tatu ni ndugu aliyepiga gitaa katika orkestra ya dansi miaka mingi kabla ya kuokoka. Gitaa iko chini ya kitanda. Anaogopa kuiuza, anaogopa kuipiga.

Sasa turudi kwa mfalme Hezekia.

Alipotawala alikuwa na miaka 25. Baba yake Ahazi alikuwa amefunga milango ya nyumba ya Bwana. Mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza, Hezekia akaifungua. Walawi wakatoa uchafu na kuutupa katika bonde la Kidroni, kazi ya siku 16. Halafu mstari wa 19 unatuambia kwamba vile vyombo ambavyo Ahazi alivitupa, wao walivitengeneza na kuvitakasa. Sikilizeni vizuri maneno hayo mawili, kutengeneza na kutakasa. Watu wetu wengine wanapenda la pili tu. Wanaweka mikono juu ya ampli iliyoungua na kuomba, lakini fundi hawamwiti. Walawi walifanya yote mawili. Na kutoka mstari wa 25 tunawaona wamesimama na matoazi, vinanda na vinubi, kama Daudi alivyoagiza zamani za kale, na makuhani na tarumbeta zao. Sadaka ilipoanza kuteketezwa, wimbo nao ukaanza.

Tungeishia hapo, kiongozi wa korali angeshangilia. Angesema, mnaona, Mchungaji, vitu vya zamani havitupwi.

Lakini fungua 2 Wafalme 18. Ni mfalme yuleyule. Palikuwa na nyoka ya shaba ambayo Musa aliitengeneza jangwani. Kumbukeni kwamba hakuna mtu aliyeibuni. Mungu mwenyewe aliiagiza, Hesabu 21, na watu waliumwa na nyoka wakaitazama wakapona. Kama kuna kitu chenye ushuhuda katika Israeli, ni hicho. Kiliokoa babu zao. Kikatunzwa mamia ya miaka, na siku zikapita, watu wakaanza kukifukizia uvumba. Hezekia akakivunja vipande. Hakukiweka depo, hakukifunika kitambaa.

Basi mtu huyu mmoja alirudisha vyombo vingine kazini na kingine akakivunja, na katika yote mawili Biblia inamsifu. Hakuhesabu miaka ya kitu wala hakuuliza nani aliyekitoa. Aliangalia kitu hicho kinafanya nini sasa mbele ya Mungu. Matoazi yalikuwa na kazi na watu wa kuyapiga. Nyoka ya shaba ilibaki na jina kubwa tu, na jina hilo lilikuwa limeanza kuchukua nafasi ya Mungu.

Kwa hiyo, ndugu shemasi, naomba uingie depo na ulizo hilo. Na wewe kiongozi wa korali, ingia pamoja naye.

Nataka kusema kidogo juu ya depo zenyewe, maana wengi tunafikiri kitu kilichofungwa ni kitu kilichotunzwa. Sivyo. Bukavu kuna unyevu karibu mwaka mzima isipokuwa miezi ya kiangazi. Bafle ikikaa, ule mpira unaozunguka spika unakauka na kupasuka. Mikro iliyoachwa na pile ndani, pile inavuja na kula chuma. Panya anapenda nyaya kama anavyopenda muhogo. Ampli isiyowashwa miaka mingi, vifaa vyake vya ndani vinachoka bila kazi yoyote, na siku utakapoiwasha kwa mara ya kwanza, tena na umeme wetu huu unaopanda na kushuka, inatoa moshi. Ukifunika sinteza na plastiki ukidhani unaikinga, unafungia unyevu ndani pamoja nayo. Kwa hiyo kusema «tutunze tu, tutaona» ni kuuza pia, ila unauzia panya, na panya halipi.

Kuna wanaosema tunatunza kwa sababu wapigaji watarudi. Ni neno la imani, silidharau. Lakini ninauliza: nani anafundishwa sasa? Katika 1 Mambo ya Nyakati 25 waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, na kura ikapigwa kwa mkubwa na mdogo, kwa mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi yuko katika hesabu! Kama una sinteza na kuna kijana wa miaka 14 anayekuja kila Alhamisi, na mtu wa kumfundisha, na jenereta ao betri ya kuiwasha, usiuze. Hata kama korali haijarudi. Lakini kama hakuna mwalimu wala mwanafunzi, na hakuna anayetafuta, basi mnangojea nini? Naona ni vizuri kuweka tarehe. Semeni, tukifika Pasaka bila mpigaji, tunaachilia. Kungoja bila tarehe kunazaa manung'uniko tu.

Wengine wanaogopa watoaji. Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo makanisa yanapovunjika. Katika kanisa lile la shemasi kuna mama muuza sambaza. Wakati wa kununua sinteza alitoa kila juma kidogo kidogo, makuta yenye harufu ya samaki, mwaka mzima. Wazee walikuwa tayari kuuza bila kumwambia, wakisema kitu kilichotolewa ni cha kanisa. Kwa sheria, ndiyo. Niliwaomba waende kwake kwanza. Wakaenda. Mama akawajibu: «Wababa, nilimpa Mungu. Lakini niambieni inakwenda wapi, nisiikute njiani nikashangaa.» Alitaka kuambiwa, basi. Wale wanaoogopa watoaji, mara nyingi hawajawahi kuwauliza.

Na mabati? Kuna mtu atasema, Mchungaji, unauzaje vyombo vya sifa kwa ajili ya mabati? Someni 2 Wafalme 12. Nyumba ya Bwana ilikuwa na nyufa. Yehoyada kuhani akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, watu wakatia pesa. Na mstari wa 13 unasema wazi kwamba kwa pesa hizo hawakutengeneza vikombe vya fedha, wala tarumbeta. Tarumbeta zimetajwa kwa jina! Pesa zilikwenda kwa maseremala na waashi. Kisha 2 Mambo ya Nyakati 24:14 inaonyesha kwamba kazi ilipokwisha, zilizobaki zikatengenezwa vyombo. Nyumba kwanza, chombo baadaye. Watoto wanaonyeshewa mvua wakati bafle nne zimekaa pakavu chini ya bati zuri, mimi ninaona haya. Ninasema hivi nikijua kuna wapiga muziki watakaozima redio sasa.

Mkiamua kuuza, uzeni kama watu wa nuru. Iteni fundi apime kila kitu mbele ya watu. Kama bafle moja inakoroma, mwambieni mnunuzi kwamba inakoroma. Kama kifaa kilitoka Marekani na kinataka volti 110 na kwetu ni 220, msiseme kiko sawa. Mtu atakichomeka na kitaungua siku hiyohiyo, na jina la kanisa litaungua pamoja nacho. Bei isipangwe na mtu mmoja. Na kitu kisinunuliwe na shemwa ya mchungaji kwa nusu ya bei usiku. Hayo tumeyaona katika mji huu. Katika ile sura ya 12, sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Watu wawili, wa nyumba mbili mbalimbali. Kisha hesabu isomwe Jumapili, kiasi kilichoingia na kiasi kilichonunua mabati na misumari. Kumbukeni Anania. Petro alimwambia kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na bei ilikuwa mikononi mwake baada ya kuuza. Kuuza hakukumwua. Alikufa kwa kusema uongo juu ya bei.

Ulizo moja gumu: tukikosa kanisa la kununua, tuuzie nganda? Pesa ya nganda ni franka kama franka nyingine, na bafle haina roho. Hata hivyo mimi ningetafuta kwanza kanisa la kijijini, shule, ao fundi anayeuza vipande, hata kama bei itashuka kidogo. Sababu yangu ni yule mama wa sambaza. Akipita usiku na kusikia bafle yake inapiga pale, dhamiri yake itaumia, na Paulo katika 1 Wakorintho 8 anatukataza kumwumiza ndugu kwa ajili ya haki yetu. Lakini kanisa lililofanya kinyume, silihukumu.

Sasa wewe ndugu wa gitaa.

Umeambiwa uichome. Wapo waliokuambia kwamba mapepo yamekaa ndani ya nyuzi. Katika Matendo 19 Waefeso walichoma vitabu vya uchawi, na vitabu vile havikuwa na kazi nyingine. Gitaa ina kazi nyingine. Ni mbao na nyuzi, na vidole vyako vimekwisha kuoshwa pamoja nawe. Rumba yetu dunia nzima imeitambua, UNESCO iliiandika katika urithi wa watu mwaka 2021, na mkono uliojifunza ufundi huo si wa kukatwa. Lakini mimi sitakuambia uitunze kwa lazima. Ni wewe unayejua. Ukiishika, moyo unakwenda wapi? Kama kila ukiigusa unasikia tena chupa, na wale wanawake, na usiku ule, basi kwako wewe imekuwa nyoka ya shaba: iuze kesho, lipia watoto shule, usitazame nyuma. Ila kama kinachokuzuia ni woga wa maneno ya watu, ilete Jumatano katika maombi. Legeza nyuzi kwanza, maana nyuzi zilizokaa zimekazwa miaka mingi zinapinda shingo ya gitaa. Badilisha zilizo na kutu. Kuna vijana watatu hapa wanaopiga akordi mbili tu, kila wimbo akordi zilezile mbili, masikio yetu yamechoka.

Na nyinyi mliokimbia vita mkaacha vyombo vyenu vijijini, ao mkabeba gitaa moja mgongoni na sufuria kichwani, siwajumlishi katika mahubiri ya kuuza. Zaburi 137 inasema wahamishwa walitundika vinubi vyao katika miti ya Babeli. Hawakuweza kuimba, na hakuna aliyewakemea kwa hilo. Kinubi chako kikae mtini mpaka uweze.

Shemasi, kiongozi wa korali, Jumamosi saa tatu asubuhi mfungue milango ya depo. Mtoe kila kitu nje juani, mkihesabu na kuandika. Fundi awepo, mama wa sambaza awepo, na yule kijana wa Alhamisi, kama yupo, aketi mbele ya sinteza tuisikie. Kisha wazee waamue siku hiyohiyo kabla jua halijashuka.

Tusimame, tuombe.